Flaperoni za Zenith CH 701: uzuri wake na usumbufu wake

Zenith STOL CH 701 (STOL maana yake kupaa na kutua kwa umbali mfupi), ndege ya viti viwili iliyobuniwa na Chris Heintz miaka ya 1980, haina flapu peke yake (za kuongeza nguvu ya kuinua ndege ikienda polepole) na eleroni peke yake (za kuilaza upande). Kila bawa lina flaperoni inayofanya kazi zote mbili: kipande chembamba kinachoenda karibu urefu wote wa bawa, kimening'inia chini kidogo ya ukingo wa nyuma. Ukipeleka fimbo kushoto, cha kushoto kinapanda na cha kulia kinashuka. Ukishusha flapu, vyote vinashuka pamoja.

Uzuri wake uko kwenye upenyo kati ya flaperoni na bawa. Hewa ya chini hupita hapo na kulalia mgongo wa flaperoni, kwa hiyo hata pua ikiwa juu sana fimbo bado inaitikia. Ukijumlisha na vibao vya mbele ya bawa visivyosogea (slati), kasi ya ndege hii inaweza kushuka hadi takriban km 48 kwa saa kabla bawa halijaachia, yaani kupoteza nguvu ya kuinua. Kwa uwanja mfupi wa nyasi, hapo pesa yako imefanya kazi.

Sasa usumbufu. Flaperoni zikiwa zimeshushwa mpaka mwisho, ile inayotakiwa kushuka zaidi haina tena cha kuongeza. Inakokota hewa tu, na pua inageukia upande usiotaka. Miguu lazima ifanye kazi: pedali za usukani wa mkia na fimbo ziende pamoja, kila mara. Aliyezoea ndege za shule ambazo miguu hulala atahangaika mwanzoni. Pua pia hushuka flapu zinapowekwa, basi jiandae kuvuta fimbo kidogo. Upepo wa pembeni ukiwa mkali au wa vishindo, tua bila flapu au kwa nusu, ubakize nguvu ya kulaza bawa upande wa upepo. Wala usizitegemee kama breki: ukifika juu mno, punguza gesi na uiteremshe ndege kiubavu.

Kinachostahili hofu ya kweli ni flaperoni kutetemeka kwa haraka angani (flutter), kwenye ndege yoyote yenye flaperoni za namna hii, ikiwemo Kitfox, ndege nyingine ndogo ya viti viwili. Mtetemo huo husababishwa na bawaba zilizolegea, au uzito uliozidi nyuma ya bawaba: rangi iliyorudiwa tabaka juu ya tabaka, maji yaliyotuama ndani. Ukiusikia kwenye fimbo, punguza gesi, inua pua taratibu, kasi ishuke, kisha tua.

Kabla ya kuruka, shika ukingo wa nyuma kwa vidole viwili, tikisa juu na chini. Ukisikia "tak", kuna bolti au beringi ya fimbo ya kusukumia flaperoni iliyolika, usiruke. Chungulia upenyo kuanzia shinani hadi nchani, maana nyigu hupenda kujenga viota vya udongo humo. Na asiwepo mtu wa kusukuma ndege kwa kushika flaperoni: bati lake ni jembamba, ukingo ukipinda kidogo tu ndege italalia upande mmoja angani.