TAHADHARI: Antena ya "bendi zote bila tyuna", niliyouziwa mimi ilikuwa rezista ndani ya kiboksi

Wakuu habari zenu. Naandika hii bado nina hasira lakini zaidi nina wasiwasi, maana hela yangu imeshaenda basi, ila karatasi ya maelekezo inayokuja na hiki kitu inaweza kumuua mtu na najua kuna wenzetu wapya wameshanunua. Naomba msome mpaka mwisho, hasa wewe ambaye ndo kwanza unaanza redio ya ridhaa.

Iko hivi. Kuna jamaa anauza antena ya HF (masafa mafupi, megahezi 3 mpaka 30) kwa meseji, leo anatumia jina hili kesho lile, ndo maana sihangaiki na jina lake, shikeni mtindo wake. Tangazo lake linasema antena inafanya kazi kuanzia megahezi 3.5 mpaka 30, bendi zote, bila tyuna (kifaa cha kuilinganisha antena na redio), SWR (kipimo cha nguvu inayorudi kwenye redio, 1 ndo bora kabisa) haivuki 2, waya wenyewe mita 6 tu, inabeba wati 200, na eti haina kelele kabisa kwenye kupokea. Nilipomuuliza ndani ya kile kiboksi cha katikati kuna nini akasema siri ya kiwanda, halafu papo hapo akaanza kunisukuma, zimebaki mbili tu mkuu, kuna mtu mwingine anazitaka, tuma hela nikuwekee. Nikatuma.

Ikafika, nikaitundika, nikawasha redio, nikapima. SWR 1.3, nikahamia bendi nyingine 1.4, nyingine 1.2, pabaya kabisa ilifika 1.8. Nilifurahi kwelikweli. Nikaita CQ (wito kwa kituo chochote kinachosikia) siku tatu, asubuhi, jioni na usiku, hakuna aliyejibu. Nikasema labda hali ya anga mbovu, nikaingia FT8 (ujumbe mfupi wa kidijitali unaosomeka hata ukiwa dhaifu) kwa wati 30 nikawa naangalia PSK Reporter, tovuti yenye ramani, kuona nani kanisikia, ramani nyeupe, hakuna hata kituo kimoja. Nikamrudia muuzaji, akaniambia ardhi ya kwako mbaya, mara redio yako mbovu, mara nisubiri msimu.

Siku ya nne nikiwa nimerusha FT8 kama dakika kumi hivi nikaenda kushika kile kiboksi nikatoa mkono haraka, cha moto! Waya wenyewe wa baridi, kiboksi kinaunguza. Sasa jiulizeni, antena kazi yake ni kutupa nguvu hewani, joto lote lile pale linatafuta nini? Nikauchomoa ule waya wa mita 6 wote nikabaki na kiboksi peke yake mwisho wa koaksi (kebo ya kutoka kwenye redio kwenda kwenye antena), nikapima tena. SWR 1.1. Yaani antena nimeiondoa na SWR ndo imezidi kuwa nzuri. Nikachukua bisibisi, ndani wamejaza silikoni nyeusi, nikaikwangua taratibu nikakuta rezista (vifaa vinavyogeuza umeme kuwa joto) nene nyeupe za kauri zimeunganishwa kutoka pini ya kati ya konekta kwenda kwenye bodi, nikaweka maltimita ikasoma omu 51. Hakuna feraiti, hakuna koili, hakuna transfoma yoyote. Nilikuwa narusha wati 30 kuchemsha rezista.

Hapa ndo penye somo lenyewe kwa mnaoanza. SWR inakwambia tu kama nguvu inarudi kwenye redio au hairudi, haikwambii imeenda wapi. Rezista ya omu 50 inameza kila kitu hairudishi chochote, kwa hiyo mita inaonesha uzuri mtupu. Hata koaksi mbovu inafanya hivyohivyo, koaksi yenye upotevu wa desibeli 3 ukiiacha mwisho wake wazi kabisa bila antena, mita ya upande wa redio itasoma SWR kama 3 hivi, na upotevu ukifika desibeli 6 itasoma kama 1.7, mtu atakwambia hapo mambo safi wakati juu hamna kitu. Na ile "haina kelele" maana yake ni kwamba haisikii. Kelele za kawaida za HF zipo hewani muda wote, antena ikiwa kimya kuliko zote ulizowahi kutumia usiikimbilie kuisifia, linganisha kwanza na nyingine kwenye stesheni ileile.

Urefu nao una hesabu yake jamani. Dipoli ya nusu wimbi (waya uliokatwa katikati, pande mbili sawa) unagawanya 143 kwa megahezi unapata mita, kwa hiyo 14.2 ni kama mita 10, yaani 5 kila upande, 7.1 ni mita 20, na 3.6 inakaribia mita 40. Antena fupi zipo na zinafanya kazi ila lazima zilipie mahali, ama zinakuwa na koili na upana mdogo sana wa masafa, ama ufanisi unashuka. Na kuwa mkweli zipo antena halali zenye rezista ndani, ile ya T2FD (dipoli iliyokunjwa) kwa mfano, lakini hiyo urefu wake ni karibu theluthi ya wimbi la masafa ya chini kabisa inayotumia, kwa megahezi 3.5 ni mita 28 hivi, na muuzaji mkweli anakwambia wazi kwamba sehemu ya nguvu inaishia kwenye rezista. Huyu wetu anaficha. Vilevile mtu akikutajia geini (antena inavyokusanya nguvu upande mmoja) ya "desibeli 9" bila kusema inalinganishwa na nini achana naye, dipoli ya kawaida tu tayari ni 2.15 ukilinganisha na antena ya kufikirika inayorusha sawa pande zote, kwa hiyo namba hiyohiyo inaweza kuvutwa popote.

Koaksi aliyonipa nayo nilichana ganda. Imeandikwa RG-58 kwa nje, ndani nyuzi za kusukwa zimeachana unaona plastiki nyeupe katikati yake, na nilipoileta sumaku waya wa kati ukanasa. Chuma kilichopakwa shaba juujuu. Ushauri wangu kila ukinunua koaksi tembea na kasumaku mfukoni.

Sasa hilo la hela niliache, nije kwenye karatasi, maana hapa ndo roho iliniuma. Imeandikwa hivi: funga kwenye nguzo yoyote ndefu iliyo karibu, hata ya umeme haina shida kwa sababu waya una ganda la plastiki. Na chini yake: haihitaji ethi, ina kinga ya radi ndani.

Kijana mmoja tunayewasiliana naye, kibali chake hana hata miezi miwili nacho, alinitumia picha akiniuliza kama amepanga sawa. Picha inaonesha ngazi ya alumini imeegemezwa kwenye nguzo ya umeme, waya umezungushwa begani, kamba imeshafungwa jiwe tayari kurushwa juu. Nilimpigia simu hapohapo, nikawa namwambia shuka, weka chini, ondoka hapo, hata salamu sikutoa. Alikuwa bado hajapanda. Mikono ilinitetemeka muda mrefu baada ya ile simu.

Wakuu, lile ganda la waya wa antena halikutengenezwa kuzuia umeme wa laini za juu, na alumini ndo kabisa. Usifunge chochote kwenye nguzo ya umeme, na usirushe kamba wala waya kupita juu ya laini. Kabla hujasimamisha mlingoti jumlisha urefu wa mlingoti na antena yake, halafu hakikisha hata ukianguka upande mbaya kuliko yote bado zinabaki mita 3 au zaidi kufika kwenye nyaya, na laini ya kuingia nyumbani kwako nayo ihesabu, watu wanaisahau sana ile. Mlingoti uvutwe na kamba pande tatu, usisimamishe peke yako. Ncha za dipoli ziwe juu mtu asizifikie, hata wati 100 volti za pale kwenye ncha ni kubwa na zinaunguza ngozi, na watoto wanapenda kugusa waya unaoning'inia.

Na kinga ya radi ya jamaa ndo rezista ileile. Koaksi inatakiwa ipite kwenye kinga ya radi iliyounganishwa na ethi nje, kabla haijaingia ndani, na ethi hiyo iungwe na ethi ya umeme wa nyumba zisiwe mbili zinazojitegemea. Hata ukiwa na hivyo vyote, mawingu yakianza kujikusanya chomoa koaksi kwenye redio mapema, mwisho wake uuache nje. Ukishaanza kusikia ngurumo usiende kuishika.

Dipoli yangu ya sasa ni waya wa kawaida mita 5 kila upande, nimeitundika kwenye miti ileile, urefu uleule wa kwenda juu. Jioni ya kwanza kwa wati 30 zilezile ramani ilijaa mpaka bara la pili.

Kama umeshanunua ile antena, fanya jambo moja leo, chomoa waya upime SWR ya kiboksi peke yake, ikibaki nzuri ndo umeshajua. Piga picha za ndani, tunza meseji zake na risiti ya malipo, kama ulilipa kwa njia inayoruhusu kulalamika lalamika haraka kabla muda haujapita. Na kama uliifuata ile karatasi ukaifunga kwenye nguzo ya umeme, tafadhali usipande kuitoa na usiuvute waya ukiwa chini, zima redio, usiguse koaksi, waweke watu mbali, wapigie wenye laini ya umeme waje waitoe wao.