Uzoefu wangu na huduma ya kuandaa biashara kabla ya kulipia matangazo ya mtandaoni

Nilimwendea mshauri wa masoko nikitaka anitengenezee matangazo, naye akaniuzia huduma ambayo sharti lake la kwanza lilikuwa kutotangaza chochote kwa wiki sita. Nina karakana ndogo ya kushona mabegi, yenye mafundi wawili, na wakati huo nilikuwa nimeshalipia matangazo mara mbili bila kuona faida. Nilikubali sharti hilo kwa shingo upande, kwa sababu niliamini tatizo langu lilikuwa tangazo lenyewe: picha, maneno, au watu wasiofaa kuonyeshwa.

Kazi ya kwanza ilikuwa daftari. Nilitakiwa kupitia jumbe zote za wateja za miezi mitatu iliyotangulia na kuandika, kwa kila ujumbe, mteja aliuliza nini, nilichukua muda gani kumjibu, na kama hatimaye alinunua. Ilinichukua siku nne za kazi ya kuchosha, na ndiyo sehemu ya huduma hii ninayoithamini kuliko zote. Karibu kila mteja aliuliza mambo yaleyale manne: bei, ukubwa, rangi zilizopo, na siku ambazo mzigo huchukua kumfikia. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa limeandikwa kwenye kurasa zangu. Waliojibiwa ndani ya saa moja walinunua mara nyingi zaidi. Waliosubiri hadi kesho yake wengi wao waliandika kwa adabu kwamba wameshapata kwingine. Iliniuma kusoma majibu hayo moja baada ya jingine, kwa kuwa hao ni watu ambao nilikuwa nimelipa ili wanifikie.

Marekebisho hayakuhitaji fedha. Tulihamia kwenye WhatsApp Business, programu ya bure ambayo imekuwepo tangu 2018, tukajaza katalogi yake kwa kuweka bei na vipimo vya kila begi kwa sentimita, tukaandaa majibu ya haraka kwa maswali yale manne, na tukaanza kutumia lebo kutenganisha aliyeuliza, aliyelipa na aliyekwisha kupelekewa. Mshauri alisisitiza kwamba salamu ya kujiendesha haihesabiwi kuwa jibu, na nakubaliana naye kabisa, kwa sababu mteja huitambua mara moja na huendelea kumsubiri mtu.

Sehemu ya pili ilikuwa hesabu ya faida kwa kila begi, na hapa ndipo nilipoelewa fedha zangu zilikokwenda. Chukulia bei ya begi ni 100. Kitambaa, zipu na vifaa vingine vilinigharimu 45, ufundi 20, kufungasha na kusafirisha 8, na makato ya malipo 2, kwa hiyo kilichobaki ni 25. Kati ya kila watu 10 waliouliza, 1 alinunua. Maana yake ni kwamba sikuweza kulipa zaidi ya 2.5 kumpata mtu mmoja wa kuniuliza, ilhali matangazo yangu ya awali yalikuwa yakinigharimu kama 4 kwa kila aliyeuliza. Kila begi nililouza kupitia tangazo lilinitia hasara ya 15, na kadiri nilivyoongeza bajeti ndivyo nilivyopoteza zaidi. Baada ya kurekebisha majibu, wanunuzi walifika 2 kati ya 10. Kwa gharama ileile ya 4, begi moja sasa hutumia 20 ya tangazo na kuniachia 5, kabla sijagusa picha wala maneno ya tangazo. Mteja anayerudi kununua mara ya pili bila kutangaziwa huniletea ile 25 nzima, na ndiyo maana tulianza pia kutunza namba za wanunuzi walioridhia kuandikiwa.

Mambo mengine yalikwenda haraka. Tulithibitisha wasifu wa biashara kwenye Google, ule ambao hadi 2021 uliitwa Google My Business, tukahakikisha jina, namba ya simu na saa za kazi zinafanana kila mahali. Tovuti yangu ya ukurasa mmoja tuliipima kwa PageSpeed Insights, zana ya bure ya Google ya kupima kasi ya tovuti, ikaonekana picha nilizopakia moja kwa moja kutoka kwenye simu ndizo zilizoichelewesha. Kipimo cha Google hutaka sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5, nasi tulifika karibu na hapo kwa kupunguza tu uzito wa picha. Akaunti ya matangazo ilifunguliwa kwa jina langu na barua pepe yangu. Ningemsihi kila mwenye biashara asilegeze jambo hili, kwani wakala niliyemtumia mwanzoni alikuwa ameifungua kwa jina lake, na tulipoachana nilipoteza kumbukumbu zote za matangazo yaliyopita.

Huduma hii ina upungufu wake. Uwezo wa karakana ulijadiliwa wiki ya sita, wakati ulipaswa kujadiliwa wiki ya kwanza: mafundi wawili wana kikomo cha mabegi kwa wiki, na idadi hiyo ndiyo iliyopaswa kuamua ukubwa wa bajeti. Ripoti ya mwisho ilijaa istilahi ambazo ilinibidi nipige simu ili nielezwe. Na kwa biashara mpya kabisa, isiyo na jumbe za kuchambua, sioni daftari lile lingejazwa nini.

Nilipotangaza hatimaye, mshauri alinizuia kugawa bajeti katika matangazo matano. Mwongozo wa Meta, kampuni inayomiliki Facebook na Instagram, umekuwa ukitaja matokeo yapatayo 50 ndani ya siku 7 ili mfumo wake ujifunze vizuri nani wa kuonyeshwa tangazo, na bajeti ndogo iliyogawanywa haifikii idadi hiyo. Tuliweka moja. Siku ya tano nililisimamisha mwenyewe, kwa kuwa oda zilikuwa zimefikia kikomo cha mafundi, na nikalirudisha baada ya mizigo yote kutoka.

Ningelipia tena wiki mbili za kwanza, yaani daftari la jumbe na hesabu ya faida, bila kusita. Zile nne zilizofuata, mtu mwenye subira na simu nzuri anaweza kuzifanya mwenyewe.