Binti yangu hakumuua mbwa: uzoefu wangu wa kununua mbwa wa familia hapa Arusha

Naandika haya nikiwa bado na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Mwanamume mmoja anayefuga na kuuza mbwa upande wa kuelekea Usa River, ambaye jina lake sitalitaja, alimtazama usoni binti yangu wa miaka minane akamwambia kwamba yeye ndiye aliyemuua mbwa kwa kumshikashika. Mbwa hakuwa amekufa. Alikuwa amelazwa kwa daktari wa mifugo mjini, yuko kwenye dripu, akiugua ugonjwa alioutoa kwenye banda la mwanamume huyo huyo. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama ninaipendekeza huduma yake, jibu langu ni hapana, ingawa jibu hilo, kama nitakavyoeleza, halinikai vizuri mdomoni.

Sisi tunaishi Moshono. Mume wangu ni dereva wa watalii, na msimu ukichanganya anaweza kutoka Serengeti akaunganisha Tarangire bila kulala nyumbani. Mimi natoka asubuhi kwenda kazini, watoto watatu wanachukuliwa na basi la shule jua likiwa halijapanda, na anayebaki na nyumba mchana ni dada anayetusaidia kazi. Nyumba ya namna hiyo haiwezi kuchukua mbwa yeyote tu. Tulihitaji mbwa anayevumilia kelele, asiyemrukia mtoto wa jirani aliyetumwa kuomba chumvi, anayekubali kulishwa na kuamrishwa na dada, na ambaye usiku atabweka mgeni akisimama getini bila kuwa tishio kwa watu wa nyumbani mchana.

Kumpata mbwa huyo hapa mjini ni kazi, kwa sababu biashara karibu yote imeelekea kwenye ulinzi. Ukiuliza mbwa unaonyeshwa German Shepherd, Rottweiler au Boerboel, na sifa ya kwanza unayotajiwa ni ukali. Wapo wanaokushauri, bila hata kupepesa macho, umfungie mbwa bandani mchana kutwa asione mtu, umfungulie usiku tu, na umchanganyie pilipili kwenye chakula ili awe mkali zaidi. Mbwa aliyelelewa hivyo hajui mtoto ni kiumbe gani. Kipindi ambacho mtoto wa mbwa huwazoea watu, sauti na wanyama wengine kwa urahisi ni kati ya wiki ya 3 hivi na ya 14 ya maisha yake. Akikipitisha gizani, mtoto anayekimbia akipiga kelele atakuwa kwake kitu cha kuogofya, na mbwa mwenye hofu huuma. Katika nchi ambayo kichaa cha mbwa bado kinaua watu, na ambamo watoto ni wengi miongoni mwa wanaong'atwa, mzazi hawezi kulichukulia hilo kwa wepesi.

Ndiyo maana mwanzoni huyu bwana alinivutia sana, na haki inanilazimu niliseme hilo. Alisikiliza. Aliuliza umri wa watoto, akauliza nani anashinda nyumbani, akauliza kama ua umezungushwa ukuta au michongoma. Hakunisukumia mbwa wa bei kubwa. Alisema nyumba kama yangu ingefaa zaidi kuchukua chotara wa Labrador na mbwa wa kienyeji, jike, kisha akawatoa watoto wa mbwa bandani mmoja mmoja, akawaweka kwenye nyasi, akachukua shada lake la funguo na kuliangusha chini kwa kishindo nyuma yao. Mmoja alikimbilia chini ya gari akagoma kutoka. Mwingine alibweka bila kukoma. Wa tatu, mwenye rangi ya karanga za kukaanga, alishtuka, akarudi nyuma hatua chache, kisha akasogea taratibu kuzinusa zile funguo. "Mama, chukua huyu," akasema. "Huyu anaogopa, lakini hofu yake haidumu." Nilimwamini, na hata leo naamini kwamba katika jambo hilo alikuwa sahihi. Watoto walimpa jina la Karanga kabla hatujafika Tengeru.

Nilipouliza habari za mama yake niliambiwa kwamba amepelekwa kwenye shamba lingine kupumzika. Nilipouliza umri niliambiwa wiki kumi. Nilipouliza chanjo nilipewa kadi iliyojazwa, yenye saini.

Hata siku tatu hazijatimia, Karanga akaacha kula. Asubuhi alitapika povu la njano, na ilipofika jioni alikuwa akiharisha damu yenye harufu ambayo sitaisahau. Daktari wa mifugo, mama mmoja mtulivu ambaye ningetamani kila mfugaji wa mjini amfahamu, alimpima akasema ni pavo. Ni ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo, na watoto wa mbwa wasiopata chanjo kamili hufa kwa wingi wasipotibiwa, ingawa wengi hupona wakiwahishwa na kuwekewa maji mwilini. Dada, ambaye alikuwa amekuja naye akiwa amembeba kwenye beseni, aliuliza kwa wasiwasi kama watoto wa nyumbani wangeambukizwa. Daktari alimweleza kwamba pavo ya mbwa haiwaambukizi binadamu, lakini inakaa kwenye udongo miezi mingi, kwamba sabuni ya kawaida haiiui, na kwamba sakafu na vyombo visafishwe kwa jiki iliyochanganywa na maji.

Kisha akaomba kadi. Aliisoma akanyamaza, akamfunua Karanga mdomo taratibu na kunionyesha kwa ncha ya kidole magego ya utotoni, yale ya nyuma, yakiwa ndiyo kwanza yanachomoza kwenye ufizi. Kwa meno hayo, alisema, mtoto huyu ana wiki tano, labda sita. Tukaitazama kadi pamoja. Tarehe zote zilikuwa zimeandikwa kwa kalamu moja na mkono mmoja, kana kwamba zilijazwa kwa mkupuo. Nafasi ya kubandika lebo inayotoka kwenye chupa ya chanjo ilikuwa tupu. Muhuri wa daktari haukuwapo. Chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo kwa kawaida hutolewa mbwa akiwa na miezi mitatu, ilikuwa imewekewa alama ya vema. Chanjo ya kwanza ya pavo, ambayo huanza kutolewa kwenye wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila baada ya wiki chache hadi mbwa afikishe kama wiki ya 16, ilikuwa na tarehe ambayo, ukihesabu kwa meno yale, inamkuta Karanga akiwa hajafumbua macho.

Nilimpigia muuzaji simu. Alinijibu kwamba mbwa si redio, hana waranti. Hilo ningeweza kulimeza. Biashara zina maneno yake. Nikaamua kwenda mwenyewe na ile kadi ili tuzungumze kama watu wazima, na kwa kuwa ilikuwa Jumamosi binti yangu aliomba kunisindikiza. Alimsalimia shikamoo. Yule bwana hakuitikia. Alikuja hadi getini bila kufungua, akasikiliza nusu ya maelezo yangu, kisha akaniacha mimi akamgeukia mtoto. "Wewe ndiye umemuua," alisema. "Mtoto wa mbwa hashikwishikwi kama mdoli." Akarudi ndani. Nilibaki nimeishika kadi kwenye vyuma vya geti, mtoto akinitazama mimi badala ya kumtazama yeye, akisubiri nikanushe.

Nilikanusha, na nakanusha tena hapa kwa maandishi, kwa sababu hili halina utata wowote. Tangu virusi vya pavo viingie mwilini mwa mbwa hadi dalili zitokee hupita siku kadhaa, mara nyingi kati ya tatu na saba, wakati mwingine zaidi. Karanga aliugua kabla hata hajamaliza siku tatu kwetu. Virusi hivyo alikuja navyo. Aliviokota kwenye lile banda, kwenye zile nyasi zilikoangushwa funguo, au kwa mbwa mwingine aliyelala naye, na kubebwa peke yake, iwe kwa mikono mipole au mikali, hakumpi mbwa pavo. Tena mbwa wa umri ule alipaswa kuwa bado ananyonya. Madaktari wote niliowahi kuwasikia wanasema asitenganishwe na mama yake kabla ya wiki ya 8.

Lakini mtoto wa miaka minane haponi kwa hesabu za mama yake. Kwa muda wote ambao Karanga alikuwa amelazwa, binti yangu alikataa kumkaribia. Tulipokwenda kumwona alisimama mlangoni, mikono ameificha nyuma, akauliza kama anaruhusiwa kupumua humo ndani. Daktari ndiye aliyemtoa hapo. Alimwita, akamwomba amkunjulie vidole vya mkono wa kulia, akaanza kuhesabu navyo siku kurudi nyuma, kutoka siku Karanga alipotapika hadi siku ambayo virusi vilipaswa kuingia, na vidole vya mkono mmoja vikaishia kwenye siku ambayo mbwa alikuwa bado Usa River. "Siku hii ulikuwa wapi, mwanangu?" "Shuleni." "Basi." Mtoto alilia kwa sauti, na mimi nikalia naye.

Karanga alipona. Na hapa ndipo hukumu yangu inapokosa mahali pa kusimama, kwa kuwa mbwa tuliyebaki naye ni yule yule ambaye yule bwana alituahidi. Analala mlangoni kwa watoto. Dada akimwambia toka jikoni anatoka. Mtoto mdogo humvuta masikio, tunamkataza, na yeye huondoka zake bila kuonyesha jino. Juzi fundi wa bomba alipogonga geti Karanga alibweka kama mbwa mara mbili ya ukubwa wake, kisha alipoona tumempokea akakaa kimya. Kama ningeulizwa kuhusu mbwa peke yake, ningesema nendeni, huyo mtu anajua kuchagua.

Nilifika hadi hapo katika kuandika, nikawa karibu kulegeza maneno yangu ya mwanzo, kisha nikalifikiria jambo lenyewe upya na hasira ikarudi kwa nguvu zaidi. Mtu anayeweza kusoma tabia ya mbwa kwa kuangusha funguo si mtu asiyejua pavo. Anajua meno ya wiki tano yanafananaje. Anajua kadi iliyojazwa kwa mkupuo ni kadi ya namna gani. Kwa hiyo aliposimama pale getini akamtwisha mtoto kifo ambacho hakikuwapo, hakuwa amechanganyikiwa; alikuwa akijua ukweli uko wapi, na alichagua kumbebesha aliye mdogo kuliko wote ili mama yake anyamaze. Ujuzi wake, ambao ulinifanya nimwamini, ndio unaonifanya nisimsamehe. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na nakusudia kulifikisha suala la banda lile kwa ofisa mifugo, nikiwa na ile kadi na maandishi ya daktari.

Fedha za matibabu zilizidi bei tuliyomnunulia mbwa, nami sizidai tena. Ninachodai ni aje Moshono, mtoto akiwa amerudi kutoka shuleni, amwambie kwa mdomo wake kwamba alisema uongo. Nimemtumia ujumbe huo mara kadhaa, unasomwa, haujibiwi.

Wale waliozaliwa pamoja na Karanga, yule aliyekimbilia chini ya gari na yule mbwekaji, nina hakika wameshauzwa, na wapo nyumbani kwa watu wenye watoto. Kama umechukua mtoto wa mbwa upande huo tangu masika, itazame kadi yako: angalia kama ina lebo za chupa za chanjo, kama ina muhuri, na kama tarehe zimeandikwa kwa kalamu moja. Ukikuta kama nilivyokuta mimi, mhesabu kwamba hajachanjwa, usimtembeze kwenye njia wanazopita mbwa wengine, mpeleke kwa daktari wa mifugo aanze chanjo upya, na akifikisha miezi mitatu apate ya kichaa. Na akiugua, usikubali mtu yeyote amwambie mtoto wako kwamba ni yeye.