Dawa ya Kurudisha Weusi wa Mtutu: Uzoefu Wangu Mikindani

Chuma kinachotunzwa Mikindani hushika kutu upesi kuliko kilichoko Masasi, kwa kuwa upepo wa bahari hubeba chumvi, nayo ikishatua juu ya chuma huvuta unyevu hata siku zisizo na mvua. Shotigani ninayoimiliki kwa kibali, kwa ajili ya nguruwe pori wanaovamia mihogo, ilikuwa imechujuka weusi pale mkono unaposhika mtutu, na vitone vya kutu vilikwisha kuanza. Nikanunua dawa ya majimaji inayopakwa bila kuchemshwa, yenye asidi ya seleniamu na chumvi ya shaba.

Baada ya kuhakikisha kwamba bunduki haina risasi, niliikwangua kutu kwa stilwaya laini iliyolowa mafuta, kisha nikafuta kwa spiriti mpaka kitambaa cheupe kikatoka bila doa, kwani hata mafuta ya kidole huzuia dawa kushika. Chuma kiligeuka kijivu papo hapo, na kwa kurudia kupaka, kusuuza na kukausha, kikawa cheusi chenye ubuluu. Seleniamu ni sumu. Vaeni glavu na mfungue madirisha.

Kwa baka dogo nimeridhika, ingawa juani mstari kati ya weusi mpya na wa zamani unaonekana. Nisichokubaliana nacho ni maelezo ya chupani kwamba dawa hii ni kinga ya kudumu. Vipande viwili vya chuma chakavu nilivipaka dawa ileile na kuviweka dirishani, kimoja nikakipaka mafuta na kingine nikakiacha hivihivi: kisicho na mafuta kilianza kuota unga mwekundu kingoni, mwenzake kikabaki safi. Kinachozuia kutu ni mafuta, na weusi huo kazi yake kubwa ni sura. Kwa hiyo ninaufuta mtutu kwa mafuta kila unaposhikwa, na siuhifadhi ndani ya mfuko wa ngozi, ambao hutunza unyevu.

Kwa mtutu mzima singeitumia, kwa sababu hutoa mabaka. Kazi hiyo ni ya fundi silaha mwenye leseni, anayechemsha chuma katika magadi makali (kostiki soda) na chumvi iitwayo naitreti kwenye joto la nyuzi 140 hivi. Mwenye bunduki ya mitutu miwili iliyounganishwa kwa lehemu amweleze fundi mapema, maana mchanganyiko huo huila lehemu, na hapo hutakiwa njia ya polepole ya kukiotesha chuma kutu nyembamba na kuichemsha kwa maji matupu hadi igeuke nyeusi.