Thunderbird: vitufe vimekubali kuhama, menyu imegoma

Mimi ndiye ninayejibu barua pepe za wageni katika nyumba ndogo ya kulala wageni Jambiani, Zanzibar. Kompyuta ya ofisi ni ya zamani, skrini yake pikseli 1366 kwa 768, na hizo 768 za kwenda juu ndizo zinazonitesa. Kila mstari wa vitufe unaojitandaza juu unanipunguzia barua za kuziona chini.

Programu ya barua pepe tuliyokuwa nayo kabla ya Thunderbird, jina nalisitiri, iliweka vitufe vya Jibu na Futa bega kwa bega, na kuvitenganisha haikukubali. Agosti moja, nyumba imejaa, umeme unakatika na kurudi, nikafuta barua ya mama wa Kitaliano aliyeomba apokelewe bandarini Malindi, hapa hapa Unguja, saa tatu asubuhi. Tulimkumbuka saa tano. Dereva alimkuta amekalia begi lake juani, na uso wake sitaki hata kuusimulia.

Mpwa wangu ndiye aliyeniwekea Thunderbird. Ni ya bure. Tangu toleo la 115, lililotoka Julai 2023, ina mstari mmoja mpana wa vitufe juu kabisa ya dirisha. Unabofya pale juu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, unachagua kurekebisha, unaletewa vitufe vyote uburute unachotaka, utupe usichotaka. Usisahau kubofya kuhifadhi, mimi mara ya kwanza nilipanga robo saa nzima nikafunga, kazi yote ikapotea.

Nilichokipenda zaidi ni kwamba barua, anwani na kalenda kila moja ina mpangilio wake. Kwenye kalenda kitufe cha Sambaza cha nini? Kwenye barua nimeweka Pokea, Andika na Jibu kushoto, nikatia nafasi tupu inayojitanua, halafu Futa nikaisukuma mpaka pembe ya kulia. Ukitaka kufuta sasa inabidi mkono usafiri. Nilijaribu picha tupu bila maneno, siku mbili nikachoka, maana mshale wa kujibu na ule wa kujibu wote kwangu ni pacha. Nimerudisha maneno, lakini pembeni ya picha, yasikae chini yake yakanenepesha mstari bure.

Dirisha la kuandikia nalo lina vitufe vyake, na Tuma nimeihamishia kulia. Na kwa kuwa tupo hapo: programu hii inakukumbusha kiambatisho ikiona maneno fulani kwenye barua, na maneno hayo unaweza kuongeza yako. Nimeongeza "risiti" na "pasi". Imeniokoa zaidi ya mara moja.

Sasa menyu. Ile ya Faili, Hariri na wenzake imefichwa, ukibonyeza Alt inatokea, lakini inatokea chini ya mstari wa vitufe! Miaka yote nimezoea menyu iwe juu ya kila kitu, jicho linakwenda juu linakosa. Kuipandisha hakuna pa kubofya. Mpwa wangu aliingia kwenye mipangilio ya ndani akawasha kitu, akatengeneza folda ya "chrome", akaandika humo faili la userChrome.css, lenye maelekezo ya kubadili sura ya programu, na kweli ikapanda. Lakini yeye anakaa Wete, kule Pemba, mimi Jambiani. Likija toleo jipya likavuruga, nani atanitengenezea? Nimelifuta lile faili. Natumia Alt, nanuna kidogo, naendelea.

Ule mstari wa wima wa kushoto, wenye alama za kalenda na mazungumzo, una kishale kwa chini cha kuukunja. Nimeukunja siku ileile.

Juzi bosi alikikalia kiti changu kutafuta barua ya mgeni wa Krismasi. Akahangaika, akaniita: "Mwanangu, Futa umeificha wapi?"

"Ipo, mama. Kule mwisho, pembe ya kulia."

"Mbali hivyo?"

Nikamuuliza kama anamkumbuka yule Mtaliano.