Fahirisi ya Uhuru wa Kitaaluma: Inaliona Lango la Chuo, Haiuoni Mkataba wa Mhadhiri

Kwa yeyote anayetetea haki za wanataaluma na aliyechoka kubishana kwa hisia, Academic Freedom Index, yaani Fahirisi ya Uhuru wa Kitaaluma, ni huduma ya mtandaoni yenye manufaa makubwa, tena haitozi ada. Huandaliwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Erlangen-Nürnberg nchini Ujerumani wakishirikiana na V-Dem, taasisi ya utafiti wa demokrasia iliyoko Gothenburg, nchini Uswidi. Hupima uhuru wa kutafiti na kufundisha, uhuru wa kubadilishana na kusambaza maarifa, mamlaka ya chuo kujiendesha, usalama wa kampasi dhidi ya upelelezi na vitisho, na uhuru wa wanataaluma kujieleza. Kila nchi hupata alama kati ya 0 na 1.

Nilianza na grafu ya Uturuki. Nchi hiyo mwaka 2016 ilishuhudia wanataaluma zaidi ya 1,000 wakiandamwa kwa kutia saini tamko la kudai amani, na baada ya jaribio la mapinduzi la mwezi Julai, maelfu wakafukuzwa kazi kwa amri za hali ya dharura. Kuuona mstari ukiporomoka katika kipindi hicho kunatia uchungu, lakini ni ushahidi usiofutika kwa urahisi. Alama hutokana na tathmini za wataalamu, na nimefurahi kwamba hutolewa pamoja na mipaka ya makadirio yake, badala ya kujifanya hakika kamili.

Kasoro yake, hata hivyo, si ndogo. Pendekezo la UNESCO la mwaka 1997 kuhusu hadhi ya walimu wa elimu ya juu linautaja usalama wa ajira miongoni mwa kinga za uhuru huu, ilhali kati ya vipimo vile vitano hakuna hata kimoja kinachouhusu moja kwa moja. Nimewahi kumwona mhadhiri wa mkataba wa mwaka mmoja akifuta aya mbili za makala yake, aya zilizokuwa nzuri kuliko zote, kabla ya kuituma jaridani. Hakuna askari aliyefika wala barua ya onyo iliyoandikwa. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi uliofuata.

Naipendekeza kwa chama chochote cha wanataaluma kinachojiandaa kuketi na menejimenti, kwa sharti kwamba grafu iwekwe mezani pamoja na hesabu ya wahadhiri wasio na ajira ya kudumu.