Korg MS-20 mini kwa mivumo mirefu ya mashambani: uzoefu wangu

Korg MS-20 mini ni sinthesaiza, kinanda kinachotengeneza sauti kwa umeme. Mashine hii naitumia kwa kazi moja tu: vipande vya dakika 25 hadi 40 vinavyojengwa juu ya sauti za shamba. Upepo kwenye mahindi, vyura wa majaruba ya mpunga, nyenje wa usiku. Kama unatafuta kinanda cha kutengenezea biti, hiki si chako.

MS-20 mini ilitoka 2013. Ni marudio ya sinthesaiza ya 1978, iliyopunguzwa hadi asilimia 86 ya ukubwa wa zamani. Ina osileta mbili (vyanzo vya sauti), filta mbili (vichujio vya sauti), vibonyezo 37 vidogo ambavyo sivipendi, na hutoa noti moja tu kwa wakati. Kumbukumbu haina hata chembe. Ukipata sauti nzuri, piga picha ya nobu zote (vifundo vya kuzungusha) na waya zote kabla hujagusa kitu.

Sababu ya kuinunua ni ile sehemu ya kuchakata sauti ya nje, ambayo wengi huipuuza. Rekodi kutoka kwenye rekoda au simu inaingia tundu la SIGNAL IN. Nobu ya LOW CUT, inayokata sauti nzito, naipandisha mpaka ngurumo ya upepo kwenye maikrofoni na bodaboda ya mbali vipotee, HIGH CUT, inayokata sauti nyembamba, naishusha kidogo. Kisha waya mmoja kutoka tundu la envelopu la sehemu hiyo, linalotoa volti inayofuata kupanda na kushuka kwa sauti iliyoingia, hadi tundu la kuendesha filta inayopitisha sauti za chini, na nobu ya EG2/EXT ya filta hiyo, inayopima nguvu ya volti hiyo, robo tu. Chini yake osileta zinavuma kwa noti moja. Vyura wakipandisha, filta inafunguka na mvumo unang'aa. Wakinyamaza ghafla, kama wanavyofanya mtu akipita kwenye tuta, mvumo unazama gizani. Vyura wenyewe husikii hata mmoja. Unasikia pumzi yao tu, na ndiyo maana sijapata mbadala wake.

Kosa la kwanza la kila mtu ni waya. Simu inatoa stereo (njia mbili, kushoto na kulia), tundu hili ni la mono (njia moja). Tumia waya unaotenganisha kushoto na kulia, uchomeke upande mmoja tu. Ukilazimisha pini ya stereo, upande mmoja wa simu unagusana na ardhi. Kosa la pili ni kutarajia mashine isome noti za vyura. Kipimo chake cha noti kinaelewa filimbi au mtu anayeimba peke yake. Ukikipa kundi zima, kinarukaruka ovyo.

Mvumo usiokatika hauhitaji njiti ya kiberiti kwenye kibonyezo. Chomeka waya kutoka kwenye gurudumu la pembeni ya vibonyezo hadi tundu la INITIAL GAIN, linaloendesha ukubwa wa sauti, uzungushe mbele: sauti inafunguka na kubaki wazi. Halafu weka osileta ya pili jirani kabisa na ya kwanza. Moja ikiwa 55 Hz na nyingine 55.1, mvumo unapanda na kushuka mara moja kila sekunde 10. Tega sikio, hesabu, sogeza nobu kwa unywele.

Hapo ndipo udhaifu mkubwa unapojitokeza. Jenereta ya mizunguko ya polepole, inayosogeza sauti yenyewe bila mkono, haishuki chini ya 0.1 Hz, yaani sekunde 10 kwa mzunguko. Kwa wimbo wa dansi hiyo ni milele. Kwa kipande cha nusu saa ni haraka mno, msikilizaji anaushika mzunguko baada ya dakika mbili. Dawa ni mkono. Dakika 30 nzima, kidole kwenye nobu ya filta, ukisogeza taratibu kama unayechochea uji usishike chini. Klaus Schulze, mwanamuziki wa Kijerumani wa sinthesaiza, alipotoa albamu ya Mirage mwaka 1977, mandhari ya majira ya baridi yenye vipande viwili vya karibu nusu saa kila kimoja, alikuwa na sinthesaiza kadhaa za kugawana kazi. Hapa ni moja, basi tarajia kurekodi tabaka baada ya tabaka.

Upepo ni rahisi: toa kelele ya pinki (mvumo kama wa maporomoko ya maji) kwenye ubao wa matundu ya waya, iingize tundu la EXT SIGNAL, ipitie filta zote mbili. Angalia PEAK tu, nobu inayokuza sauti pale filta inapokata. Ikikaribia mwisho, filta inaanza kupiga mluzi yenyewe, mkali kuliko kila kitu kilichopo, kwa hiyo kiwango cha kurekodi kiachie nafasi ya desibeli 12.

Noti huhama kwa joto. Washa nusu saa kabla, na chini ya bati mchana usijisumbue. Tabaka zote za kipande kimoja zirekodi usiku mmoja, la sivyo mvumo wa leo utagombana na wa jana.

Wenye moduli (vipande vya sinthesaiza vinavyounganishwa kwa waya) za volti moja kwa oktava wajue hii hutumia Hz kwa volti, njia nyingine ya kugeuza volti kuwa noti, haziongei bila kifaa cha kutafsiri. USB inapeleka noti kutoka kompyuta vizuri, lakini mwendo wa nobu haupokei wala hautumi. Sauti inatoka mono. Mimi narekodi mvumo uleule mara mbili, mmoja kushoto, mwingine kulia. Dakika 30 za mono kwa 48 kHz na biti 24 ni MB 259, zizidishe kwa idadi ya tabaka kabla ya kuanza.

Umeme ukikatika katikati, nobu zinabaki zilipo lakini mashine inarudi ikiwa imepoa. Subiri tena nusu saa, anza kutoka mwanzo.